Laini Isiyo na Uzi

Nyololo haimlazimishi msafiri ateremke. Basi la Mbeya likishaiacha Mafinga, abiria wengi wanaiwazia Makambako, na hapa katikati wanaona njia panda tu: malori yaliyoegeshwa, magunia ya viazi, na barabara inayochepuka kushoto kuelekea Igowole na Mtwango, kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Baridi ya mwezi wa sita hapa haina utani. Anayeteremka atakuta kitu kilichopo kwenye karibu kila njia panda ya Tanzania: mwavuli wenye rangi ya kampuni ya simu, meza ndogo ya mbao, na kijana aliyejikunyata ndani ya koti, kifaa cha kusomea alama za vidole kikiwa mbele yake. Juu ya kipande cha boksi kumeandikwa kwa kalamu nene: LINE ZINASAJILIWA HAPA.

Mazungumzo ya meza hiyo hayatofautiani sana siku hadi siku.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Laini yangu haisomi.”

“Imeharibika au imefungwa?”

“Nitajulia wapi? Tangu juzi haishiki.”

Uzi hausomi. Kamba haifungwi kwa sababu mwenye nayo hajaleta namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Lakini kwa Kiswahili cha meza hii laini inafanya hayo yote: inasoma, inashika, inakata, inafungwa na kufunguliwa, inapotea na kurudishwa. Mtu mwenye shughuli nyingi anakuwa nazo mbili au tatu, moja ya kupigia, moja ya vifurushi, na moja ya uwakala ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Mwingereza aliyetoka London akiyasoma maandishi yale ya boksini angezitambua herufi zote nne za neno line asielewe kinachouzwa. Kwao kadi ile ni SIM. Line kwao ni mambo mengine, tena mengi mno: mstari wa daftari, kamba ya kuanikia nguo, njia ya reli, kampuni ya meli, ukoo wa kifalme, mshororo wa shairi, kunyanzi la usoni, mpaka wa nchi, maneno ya mwigizaji jukwaani, hata kazi anayoifanya mtu kupata riziki.

Neno moja limeubebaje mzigo huo wote? Na kwa nini Kiswahili kiliuacha karibu mzigo mzima kikaokota kipande cha plastiki kisichozidi ukucha?

Habari inaanzia shambani. Warumi walikuwa na mmea waliouita linum, mwembamba, wenye maua ya buluu, unaofika kiunoni mwa mtu mzima. Shina lake likilowekwa, likapondwa na kuchanwa, hutoa nyuzi ndefu zenye nguvu. Kiswahili kinaujua kwa jina la kitani, lililotoka Kiarabu, na Wakristo wa Mufindi wamelisoma mara nyingi kwenye Biblia hata kama mmea wenyewe hawajawahi kuuona. Kutoka linum, Warumi wakapata linea, yaani uzi wa kitani. Na kwa kuwa hakuna kilichonyooka kuliko uzi uliokazwa ncha mbili, linea likaanza kumaanisha pia mstari, hata pale ambapo uzi haupo.

Anayetaka kuiona linea ya Kirumi ikiwa kazini hana haja ya kwenda Roma. Fundi ujenzi wa Nyololo anapoanza msingi huchomeka vigingi viwili, hukaza uzi, kisha hupanga matofali kwa kuufuata. Wima anaupima kwa timazi, ulalo kwa pimamaji, lakini unyoofu anauachia uzi. Siku hizi ni uzi wa nailoni, wa kijani au wa rangi ya chungwa, na hiyo ndiyo tofauti pekee kati ya uzi huu na ule wa miaka 2,000 iliyopita.

Kiingereza nacho kiliazima, na hilo lisisahaulike pale watu wanapolalamika kwamba Kiswahili kimejaa maneno ya kuazima. Neno hili liliingia Uingereza kwa milango miwili. Kwanza lilikuja zamani sana likiwa na maana ya kamba. Baadaye Wanormani waliivamia nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na ligne ya Kifaransa ikaja na maana ya mstari na ukoo. Maneno hayo mawili, ndugu wa baba mmoja waliokulia nyumba tofauti, yakakutana na kuchanganyika yakawa neno moja.

Watoto wengine wa linum walitawanyika, na baadhi yao wamefika Mufindi bila kujitambulisha. Bitana ambayo fundi cherehani wa Mafinga anaiweka ndani ya koti la suti, Mwingereza anaiita lining, kwa sababu makoti ya Ulaya yalikuwa yanatiwa kitani kwa ndani. Lingerie, zile nguo za ndani za akina mama zinazouzwa kwa kunong'onezana, limetokana na neno la Kifaransa la nguo za kitani. Miaka ya 1860 Mwingereza Frederick Walton alipaka mafuta ya mbegu za kitani juu ya kitambaa, akapata zulia gumu la sakafuni, akaliita linoleum: linum kwa kitani, oleum kwa mafuta. Mtu anaweza kuwa amelivaa neno hili nje na ndani, na kulikanyaga pia, asijue.

Biblia yenyewe inalo jambo moja la kufurahisha. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 2, Rahabu anawaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, na baadaye anafunga kamba nyekundu dirishani ili nyumba yake iokolewe. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 kamba hiyo inaitwa line. Mmea uko darini, mwanawe yuko dirishani, nyumba ni ileile. Watafsiri wa Kiswahili waliweka kamba, na walikuwa sahihi kabisa, ila udugu ule ukapotea njiani.

Kitani kiliwahi kujaribiwa Afrika Mashariki pia. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walipewa ardhi Kericho, Kenya, wakapanda kitani kwa matumaini makubwa, maana bei yake ilikuwa juu. Bei ikaanguka mwaka 1920 na 1921. Mradi ukafa, na ardhi hiyo baadaye ikaingia kwenye chai. Brooke Bond, kampuni iliyokuja kuwa na mashamba makubwa Kericho, ndiyo iliyokuwa na mashamba makubwa Mufindi pia. Kwa hiyo mzee wa Igowole aliyeichumia chai kampuni hiyo ujana wake wote alikuwa ndani ya kampuni iliyostawi Kericho, ambako kitani kilishindwa.

Kati ya maana zote ambazo line imezizaa, iliyo na historia ya kutisha kuliko zote ni ile ambayo ofisi za Kiswahili zinaitamka kila siku: dedlaini. Ilitoka gerezani. Mwaka 1864, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilifungua kambi ya mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta wa magogo, hatua chache kutoka ukutani, kulipigwa uzio mwepesi wa vijiti na mbao. Mateka akiugusa au akiuvuka, mlinzi aliyekuwa juu ya kibanda alikuwa na ruhusa ya kumpiga risasi papo hapo, bila onyo. Uzio huo uliitwa dead line, mstari wa kifo. Mateka kama 45,000 walipita kambi ile na karibu 13,000 walifia humo, wengi wao kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kamanda wake, Henry Wirz, alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Miongo michache baadaye wachapaji wa magazeti ya Marekani walikuwa wakilitumia neno hilohilo kwa saa ambayo habari ikichelewa haiingii gazetini. Risasi imeondoka, hofu imebaki.

Dedlaini iliyotikisa nchi nzima ya Tanzania ilihusu laini. Usajili wa kadi za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na mwisho uliwekwa 31 Desemba. Desemba ilipofika, misururu kwenye ofisi za NIDA ilikuwa mirefu kuliko ya sikukuu, kwa sababu bila namba ya kitambulisho cha taifa hakuna usajili. Rais John Magufuli akaongeza siku 20. Tarehe 20 Januari 2020 ikawa ndiyo siku ya mwisho, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kila aliyesema “dedlaini ya laini” wiki zile alikuwa ameutamka uzi uleule wa kitani mara mbili, mara moja ukitokea gerezani Georgia, mara ya pili ukitokea mahali pengine kabisa.

Mahali hapo pengine patafikiwa. Kwanza yafaa kuona ni milango mingapi neno hili lilibisha likaambiwa ndani kumejaa.

Maana ya uzi na kamba ilikuwa na wenyewe tangu zamani: uzi, ugwe, kamba, na kwa wavuvi wa pwani mshipi, ambao ndio uzi wa kuvulia. Mstari ulishaazimwa kutoka Kiarabu, ambako satri ni safu ya maandishi na mistara ni rula. Yaelekea Waswahili waliposikia lile mi- la mwanzo walilihesabu kuwa wingi, kama miti na mikate, wakajitengenezea umoja wake. Safu nayo ni ya Kiarabu, ileile ya msikitini. Kwa ukoo kulikuwa na ukoo wenyewe, na nasaba. Mshororo wa shairi ulikuwepo karne nyingi kabla ya Mwingereza kujenga boma. Lugha yenye malenga haiazimi neno la kuitia mshororo.

Kwa watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, Kiswahili kina maneno mengi mpaka ya kugawa: safu, msururu, mlolongo, foleni. Mlolongo una historia yake Kenya. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliwapanga wapiga kura wa mchujo hadharani, kila mmoja nyuma ya mgombea wake au picha yake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa kwenye uchaguzi wenyewe. Mstari mfupi ulitangazwa mshindi mbele ya mstari mrefu, na watu waliona kwa macho yao. Tangu hapo “kura ya mlolongo” nchini Kenya ni maneno yasiyohitaji maelezo.

Foleni inachekesha zaidi. Wengi wanaichukulia kuwa Kiswahili cha asili, na sauti yake inawaunga mkono, lakini ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ni amri ya gwaride: fall in, ingieni kwenye safu! Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, waliisikia kila asubuhi kutoka kwa sajenti, na neno likatoka nao kambini. Leo liko hospitali, benki, kwenye bomba la maji, na Ubungo jioni ya Ijumaa. Mwingereza alikuwa na queue na line za kukopesha. Waswahili wakaziacha zote mbili wakachukua kelele ya sajenti.

Line ilipita penye mwanya tu, na mwanya ulikuwa tofauti kila nchi. Kenya, mwalimu akiwaambia watoto “pangeni laini” wanajua wajipange. Tanzania mwalimu huyo angesema mstari. Katika utawala wa Waingereza India, mahema ya askari yalipangwa kwa mistari, na makazi yao yakabaki na jina la lines hata mahema yalipogeuka nyumba za matofali. Delhi na Lahore zina mitaa inayoitwa Civil Lines mpaka leo. Desturi hiyo ilivuka bahari, ndiyo maana kota za polisi Afrika Mashariki bado zinajulikana kama laini za polisi. Na Kibera, Nairobi, ardhi waliyokalishwa askari wa Kinubi wa KAR, kuna kijiji kinachoitwa Laini Saba, jina linalohusishwa na mistari ya uwanja wa shabaha wa wanajeshi.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili kiligoma kuazima, kikatafsiri. Lami inayopita Nyololo ni sehemu ya barabara ya TANZAM, iliyojengwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya bahari. Kabla ya lami, madereva wa malori ya mafuta waliipa njia hii jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, likipita nyanda hizihizi. Mwaka 1975 ikakamilika reli ya TAZARA, kilomita 1,860, yenye stesheni Makambako, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Kwa Kiingereza bomba hilo ni pipeline, reli ni railway line, na nchi zilizosimama dhidi ya makaburu ziliitwa Frontline States. Kwa Kiswahili vikawa bomba, reli, na Nchi za Mstari wa Mbele. Line tatu zimepita mbele ya Kiswahili na hakuna hata moja iliyopewa jina la laini. Kwa mambo makubwa, yenye wino wa serikali, lugha ilichukua muda ikajitafutia neno. Kadi ya simu haikungojewa na mtu.

Hapo ndipo palipo pale “mahali pengine”. Simu.

Neno simu lenyewe limekuja kwa mashua. Kwa Kiajemi sim ni waya. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban, na watu wa Unguja wakaona habari zinakwenda Uarabuni bila jahazi. Kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaeleza simu kuwa ni telegrafu, na kupiga simu ni kupeleka habari kwa waya; kupiga, kwa kweli, maana mpelekaji alikuwa akigongagonga kitufe. Simu ya kuzungumzia ilipokuja ikalirithi jina na kitenzi chake. Leo hakuna anayegonga chochote, na bado simu inapigwa.

Simu ya waya ilikuwa na laini ya kweli: jozi ya nyaya za shaba kutoka nyumba hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mitamboni. Nguzo zenyewe ni habari ya hukuhuku. Mikaratusi ya Mufindi, wilaya yenye msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini, hukatwa, hutiwa dawa na kusambazwa mbali kubeba nyaya za watu wengine. Nyakati hizo kusema una laini ilikuwa kusema una waya uliofika kwako. Vijijini hakuna aliyekuwa na la kusema.

Mwaka 1994 Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Miaka mitatu kabla, mwaka 1991, kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich ilikuwa imeiuzia Radiolinja ya Finland kadi 300 za kwanza za SIM, kubwa kama kadi ya benki. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotaja utambulisho wa mteja, na hakuna uzi wala mstari ndani yake. Kwamba SIM inasikika kama sim ya Kiajemi, iliyozaa simu yetu ya Kiswahili, ni bahati tupu. Ni bahati nzuri, lakini ni bahati.

Waya ukaondoka, nguzo zikaondoka, neno likabaki hewani likitafuta pa kutua. Likatua kwenye kadi. Ndiyo ilikuwa kitu pekee kinachoshikika: inunue, iweke, una laini, itoe, huna. Mtu wa kawaida hakuhitaji mhandisi amfafanulie kwamba uhusiano wake na mtandao umo ndani ya kile kipande. Kadi ikapunguzwa mpaka milimita 25 kwa 15, kisha 15 kwa 12, kisha 12.3 kwa 8.8, na kwa muda kukawa na kazi mpya chini ya miavuli: kukata laini kwa wembe au kikatio ili iingie kwenye simu mpya. Kukata uzi ni kuuharibu. Kukata laini kulikuwa kuitengeneza.

Mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, laini ikawa pochi. Hela ziko kwenye laini. Usajili wa vidole ulipokamilika ikawa na jina la mtu, na swali la “laini imesajiliwa kwa jina la nani?” likawa swali la polisi, la benki na la wanandoa. Karibu kila mwenye simu ameshapata ule ujumbe wa kitapeli usemao ile hela itume kwenye namba hii, na matapeli wanapotafutwa hukutwa wakitumia laini zenye majina ya watu wengine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilihesabu laini za simu zaidi ya milioni 80. Laini zimewapita watu, na Kiswahili cha magazeti kinazihesabu bila hata kuweka alama za kunukuu: neno limeshakuwa la nyumbani.

Ila nyumbani humo kulikuwa na mwenye jina hilo tayari. Laini nyingine, ya ulaini, ilikuwepo zamani, kutoka layyin ya Kiarabu. Unga laini, sauti laini, ngozi laini. Ina watoto wake, lainisha na lainika, na mjukuu aliyepata kazi kwenye vituo vya mafuta: vilainishi, yale mafuta mazito ya injini ambayo lori la Tunduma haliwezi kupanda milima ya Iringa bila kuwa nayo. Neno la Kiarabu liliishia na n, la Kiingereza nalo kwa matamshi linaishia na n, na Kiswahili hakipendi kufunga neno kwa konsonanti. Kikaweka i nyuma ya lile, kikaweka i nyuma ya hili, na wageni wawili wasiofahamiana wakajikuta na kitambulisho kimoja.

Ni rahisi basi kudhani kwamba kadi iliitwa laini kwa vile ni nyembamba na nyororo. Sarufi inakataa. Laini ya simu ni nomino kamili, ina upatanisho wake: laini hii, laini zangu, laini zimefungwa. Na hakuna wakala anayemwambia mteja alainishe kadi yake akiwa na maana ya kuisajili. Mtu anaweza kusema laini hii si laini, na sentensi ikapita bila kikwazo, kama anayesema mbuzi amekula nazi iliyokunwa kwa mbuzi.

Cha ajabu ni kwamba Kiswahili kilishaucheza mchezo huu kabla. Nyororo ni kitu laini. Mnyororo ni vipande vya chuma vilivyofuatana, na kamusi za zamani zinauandika hata huo kama nyororo tu. Ulaini na mfuatano, ndani ya sauti zilezile, mara ya pili. Msafiri anayeteremka Nyololo na Kiswahili cha l na r zinazobadilishana nafasi atashawishika kuongeza la tatu, ajitungie hadithi ya kijiji kilichopewa jina la mnyororo au la kitu laini. Sikio lina tamaa. Ndilo hilohilo lililotaka SIM iwe mtoto wa Kiajemi.

Kampuni za simu sasa zinauza laini isiyo na kadi, iliyomo ndani ya simu yenyewe, na wateja wanaiita laini vilevile. Nyololo mwavuli bado una kazi. Kijana anaikwanyua kadi mpya kutoka kwenye fremu yake ya plastiki, anamwomba mama aweke tena kidole gumba, kwa sababu mkono uliochuma chai miaka mingi alama zake zimefifia na kifaa kimekataa mara mbili. Cha kati kinakubali. Mama anasubiri mtandao ushike, anapiga namba moja anayoijua kwa kichwa, anasema amefika Nyololo, anakuja. Laini ya zamani haitupi. Anaiweka kwenye pindo la kitenge, anapiga fundo, na kuliwahi gari la Noah liendalo Igowole.